Risala ya Wazazi wa Kitengo cha Elimu Maalumu kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Watu Wenye Ulemavu, Kigoma

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wetu wa Wilaya,
Mheshimiwa Diwani,
Mwenyekiti wa Kamati ya Shule, walimu, wazazi wenzetu, na ninyi wanafunzi ambao ndio wenye siku,

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetukutanisha tukiwa wazima. Tunakushukuru nawe kwa kukubali mwaliko wetu, na zaidi kwa kufika mwenyewe. Tumezoea kupokea mwakilishi wa mwakilishi, naye tulimkirimu vilevile.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, umoja wetu ulianzishwa na akina mama wachache wa Mwanga na Ujiji waliochoka kuitwa shuleni kuambiwa kwamba mtoto hashiki kitu. Historia iliyobaki imo kwenye katiba ya umoja, na nakala yako ipo ndani ya bahasha.

Mafanikio ni makubwa. Tuna kiwanda cha sabuni ya mawese, ambacho kwa sasa ni masufuria mawili na ubao wa kukatia, lakini wateja wa sokoni wanatutambua. Tuna bustani ya mchicha. Kijana wetu alishika nafasi ya pili kwenye mbio za magunia ngazi ya kata. Na yule mwanafunzi aliyefika darasa la tatu akiwa bado hatofautishi b na d, leo ndiye anayeita majina ya mahudhurio ya kitengo kila asubuhi. Hili la mwisho hatukulitia chumvi.

Tunaipongeza Serikali kwa kufuta ada za shule kuanzia Januari 2016, na kwa kuufikisha mpango huo kidato cha tano na cha sita mwaka 2022. Tunaitambua pia Sheria ya Watu Wenye Ulemavu Na. 9 ya mwaka 2010, inayompa mtoto wetu haki ya elimu sawa na mwingine yeyote. Tunaitambua vizuri sana, maana tumeisomewa na kila mgeni rasmi aliyesimama hapa.

Sasa tuingie kwenye jambo lililotufanya tukuite.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, watoto wetu wana ulemavu wa akili, usonji na ugumu wa kujifunza. Wengi wao hawatafika kidato cha tano. Wanapomaliza darasa la saba, au umri wa kukaa kitengoni unapowapita, njia iliyo wazi mbele yao ni ufundi: ushonaji, useremala, upishi, uashi. Huko ndiko mikono yao inakoonyesha akili ambayo karatasi ya mtihani haikuiona. Na huko ndiko neno "bila malipo" linakokoma.

Bodi ya Mikopo ni ya aliyefika elimu ya juu, na siku hizi pia baadhi ya wanaosoma stashahada. Fundi mwanafunzi wa hatua ya kwanza hayumo. Asilimia 2 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayotengwa kwa watu wenye ulemavu ni mkopo wa biashara, unarejeshwa; mtoto wa miaka kumi na sita atarejesha kwa kuuza nini? Ada iliyozoeleka ya chuo cha VETA, yaani chuo cha ufundi stadi cha Serikali, ni shilingi 60,000 kwa mwaka kwa wa kutwa na 120,000 kwa wa bweni. Kwa aliyekaa meza kuu ni fedha ndogo. Kwa mama anayeanika dagaa, na msimu huu ziwa limekuwa gumu, hiyo ni nusu tu ya safari, kwa sababu bado kuna sare, godoro, vifaa vya fani, nauli, na mtu wa kumsindikiza mpaka aizoee njia.

Tulipoomba msaada wa ada tulipewa fomu. Fomu ina sehemu ya kueleza aina ya ulemavu, nayo inataka mhuri wa daktari. Mtoto wetu hana fimbo nyeupe wala kiti cha magurudumu. Anaingia kwa miguu yake, anaamkia "shikamoo", anajibiwa "mbona huyu mzima?" Fomu inarudi bila mhuri. Mwalimu wa elimu maalumu aliyekaa naye miaka saba, mwenye kumbukumbu za upimaji wake kwenye faili, haulizwi chochote. Wapo wazazi waliozungushwa dirisha kwa dirisha mpaka chuo kikafungua na nafasi ikapewa mwingine.

Mgeni rasmi mmoja wa siku za nyuma, ambaye kwa heshima yake hatumtaji, alisimama mahali hapo uliposimama wewe akasema, "Suala hili nimelibeba." Tulipiga makofi, tukampa samaki wetu wa mgebuka na kitenge. Kama bado amelibeba, atakuwa amechoka, tunakuomba umpokee.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, maandalizi ya bajeti ya mwaka ujao yapo mlangoni. Tunaomba halmashauri ielekezwe kuweka fungu, lenye jina lake na kiasi chake, la kulipia ada, vifaa na nauli ya wahitimu wa kitengo wanaokwenda ufundi. Lisifichwe ndani ya "mahitaji mengineyo", maana huko tumeshalitafuta. Pia taarifa ya mwalimu wa elimu maalumu pamoja na ya Ofisi ya Ustawi wa Jamii zikubaliwe kuwa uthibitisho wa ulemavu kwenye fomu hiyo. Hili halihitaji hata shilingi moja.

Wapo pia wanaotakiwa kuripoti chuoni Januari hii. Hao hawawezi kusubiri bajeti. Majina yao yamo kwenye bahasha, ukurasa wa pili, na wazazi wao ni hao waliokaa safu ya mbele.

Paa la darasa linavuja na choo kimejaa, lakini leo hatukuombi bati wala saruji. Tusije tukapewa mifuko mitano ya saruji likahesabika kuwa jambo letu limejibiwa.

Kitabu cha wageni kipo mezani. Katibu ameongeza safu mbili mbele ya sahihi: moja ya ahadi, nyingine ya tarehe ya kuitekeleza. Tunakuomba uzijaze zote mbili kabla ya chakula.

Tunaomba kuwasilisha.