Waajiri wakumbuke ukomo wa hedhi wanapopanga safari za kikazi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo wanawake wengi wa umri wangu tunalinong'ona jikoni na misibani lakini hatuthubutu kulitaja ofisini, nalo ni kukoma kwa hedhi na namna kunavyogusa kazi zetu, hasa kazi za kusafiri. Nina miaka 49. Ni mkaguzi wa hesabu wa ndani katika kampuni inayosambaza pembejeo za kilimo, na kwa miaka 11 nimekuwa nikipanda basi kila baada ya wiki tatu au nne, kwanza Ubungo na sasa Mbezi, kwenda kukagua maghala yetu ya Iringa, Makambako, Mbeya na Tunduma.

Safari hizi niliziomba mwenyewe mara mtoto wangu wa mwisho alipoanza shule ya msingi. Ofisini kwetu, kama ilivyo katika ofisi nyingi ninazozifahamu, safari ndefu hupewa watu wa makundi mawili: vijana ambao hawajaoa au kuolewa, na wanawake ambao inasemwa wamemaliza kuzaa. Hoja ya kutupa sisi ni kwamba hatuna udhuru, kwa kuwa hatubebi mimba, hatunyonyeshi wala hatuombi ruhusa ya kwenda kliniki. Hoja hiyo nami niliitumia kuombea safari, maana posho yake ndiyo iliyomsomesha kijana wangu wa pili hadi akamaliza chuo. Lakini sasa nimeona pengo lake, kwa sababu miaka ambayo mwajiri anadhani mwili wa mwanamke umetulia ndiyo hiyo hiyo ambayo kwa wengi wetu mwili unatikisika kuliko wakati wowote tangu tulipovunja ungo.

Mwezi Juni mwaka jana nilipanda basi la saa 12 asubuhi kwenda Makambako. Usiku wake nilikuwa nimelala kwa muda wa saa mbili tu, kwani kila nilipopitiwa na usingizi niliamka shuka limelowa jasho. Tulipokuwa tunapita ndani ya Hifadhi ya Mikumi, ambako basi hulazimika kwenda polepole kwa ajili ya wanyama, nilihisi joto likipanda kutoka kifuani hadi usoni kana kwamba mtu amefungua mlango wa tanuri mbele yangu, moyo ukaenda mbio, nami nikaanza kujipepea kwa tiketi huku abiria wa jirani akinitazama kwa wasiwasi. Joto lilipita baada ya dakika chache na kuniacha natetemeka kwa baridi. Kabla hatujafika Ruaha Mbuyuni hedhi, ambayo sikuwa nimeiona kwa miezi mitatu, ilianza bila dalili yoyote na kwa wingi ambao sijawahi kuuona hata baada ya kujifungua.

Nilimwendea kondakta nikamwomba kwa sauti ya chini asimamishe basi mahali penye choo. Alinijibu kwa sauti iliyosikika hadi viti vya nyuma kwamba basi lingesimama hotelini tu, na kwamba kama nimebanwa sana angeniteremsha nichimbe dawa porini. Nilirudi kitini nikajifunga kanga mbili juu ya gauni, nikakaa hivyo kwa zaidi ya saa nzima huku basi likipanda mlima Kitonga nyuma ya malori. Hotelini tulipewa dakika 10, foleni ya choo cha wanawake ilikuwa ndefu na maji yalikuwa kwenye ndoo moja. Nayaeleza haya yote, Ndugu Mhariri, kwa kuwa mtu anayepanga ratiba ya safari akiwa mezani huandika "siku 1, Dar es Salaam hadi Makambako" na haoni kitu kingine ndani ya siku hiyo.

Kesho yake asubuhi nilianza kazi kama ilivyopangwa. Makambako mwezi wa Juni ni baridi kali, watu wote ghalani walikuwa wamevaa makoti, nami nilikuwa nimefungua madirisha. Katika hesabu za mbolea niliona mifuko 40 haina hati ya kuipokea, na nikamgeukia mtunza ghala, kijana wa umri wa mwanangu, nikamfokea mbele ya wapagazi kwa maneno ambayo sitayarudia hapa. Alinyamaza hadi nilipomaliza, kisha akasema, "Mama, samahani, hati si hiyo uliyoishika?" Ilikuwa hiyo. Nilikuwa nimeisoma mara mbili bila kuielewa. Nilimwomba radhi mbele ya wale wale waliosikia nikimfokea, lakini habari ilitangulia kufika makao makuu kuliko mimi, na wiki iliyofuata mkuu wangu wa idara aliniita, akaniambia kwa upole kwamba umri umeanza kunisogelea na kwamba angenitafutia kazi ya mezani nipumzike.

Upole ule uliniumiza kuliko karipio. Kazi ya mezani haina posho, na aliyenipumzisha hakuwa ameniuliza ninaumwa nini. Kusema kweli hata mimi sikujua. Katika miezi ile nilikuwa nimepimwa malaria mara mbili, nikapimwa presha, nikaombewa, na nikaanza kuamini kwamba ninapoteza akili, kwa sababu mtu ambaye kazi yake ni kukumbuka tarakimu alikuwa anasahau jina la benki aliyoingia nayo mkataba jana yake.

Daktari wa magonjwa ya wanawake ndiye aliyenifumbua macho, na maelezo yake nayaandika kwa faida ya wasomaji wengine. Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa wanawake wengi hufikia ukomo wa hedhi kati ya miaka 45 na 55, na mwanamke huhesabiwa kuwa ameufikia akikaa miezi 12 mfululizo bila kupata hedhi. Kabla ya hapo kuna kipindi cha mpito kinachoweza kuchukua miaka kadhaa, na hicho ndicho chenye misukosuko zaidi, kwa kuwa homoni ya estrojeni haishuki taratibu kama maji ya mtungi uliotoboka, bali hupanda leo na kuporomoka kesho. Sehemu ya ubongo inayopima joto la mwili huwa nyepesi mno kushtuka, hivyo joto kidogo tu linaifanya ipanue mishipa ya damu ya ngozi na kumwaga jasho kana kwamba mwili unaungua. Mwanamke akiamshwa hivyo mara nne kwa usiku, kwa wiki kadhaa, hawezi kuwa na moyo uliotulia wala kumbukumbu kali, na zaidi ya usingizi, mabadiliko yenyewe ya homoni hugusa ubongo na kuleta hasira, huzuni au wasiwasi usio na chanzo cha kuonekana. Kwangu damu nyingi ilikuwa imeniletea pia upungufu wa damu, uliotibiwa kwa vidonge vya madini ya chuma. Wapo wanaosaidiwa na tiba ya homoni, na wapo wasioruhusiwa kuitumia, kwa mfano waliowahi kuugua saratani ya matiti, kwa hiyo ni jambo la kuamua na daktari. Alinisisitizia pia kwamba damu inayotoka baada ya mwaka mzima bila hedhi si ya kusubiriwa hata kidogo. Mwanamke aende hospitali mara moja.

Nilipomweleza mama yangu kule Muheza alicheka kidogo kwa huruma akasema, "Hilo ni joto la utu uzima, mwanangu, hata mimi nililala barazani miaka miwili." Sikuwahi kujua kwa nini alilala barazani. Kwetu msichana akivunja ungo hukabidhiwa kwa somo wake, afundwe namna ya kujihifadhi, kujisafisha na kujiheshimu, na ngoma huchezwa. Siku ile ile ya kuingia inajulikana na ukoo mzima, lakini siku ya kutoka hakuna somo, hakuna neno, na kila mmoja wetu anaivuka peke yake akidhani ni yeye tu. Huwa nalifikiria hili kila ninapokaa na wasichana wa ofisini ambao sasa wanazungumza kuhusu taulo za kike bila haya, jambo ambalo sisi hatukuliweza.

Sasa nirudi kwa waajiri. Mtumishi wa umma katika nchi yetu hustaafu kwa hiari akiwa na miaka 55 na kwa lazima akiwa na miaka 60, na sisi wa sekta binafsi hatuko mbali na hapo. Maana yake ni kwamba mwanamke anayefika miaka 45 akiwa kazini bado ana miaka 10 hadi 15 ya utumishi, tena ile anayoijua kazi kuliko wakati wowote. Kumpeleka pembeni kwa sababu ya kipindi kinachopita ni hasara kwa kampuni, na kumpeleka pembeni bila kumuuliza ni kumdhalilisha. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36, siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara, lakini likizo hiyo inadai cheti cha daktari, na hakuna daktari atakayeandika cheti kwa sababu mtu hakulala usiku mmoja. Tunachohitaji ni kidogo kuliko likizo: ratiba ijulikane wiki mbili kabla, pawepo nusu siku ya kupumzika kati ya kushuka kwenye basi na kufungua vitabu, na mfanyakazi aweze kubadilishana safari na mwenzake bila kulazimika kueleza mbele ya kikao kinachoendelea ndani ya mwili wake.

Pale Tunduma dada mmoja wa upande wa Nakonde, anayefanya kazi ya kupitisha mizigo forodhani, alinieleza kwamba kwao Zambia sheria ya ajira ya mwaka 2019 inampa mwanamke siku 1 kila mwezi ya kutokwenda kazini, bila cheti cha daktari na bila kutakiwa kutoa sababu. Nilimuuliza mara mbili nikidhani sikumsikia vizuri. Sidai kwamba tuichukue sheria hiyo kama ilivyo, lakini nawaomba TUCTA, shirikisho la vyama vya wafanyakazi, na Chama cha Waajiri Tanzania waliweke jambo hili mezani, kwa sababu mpaka wenyewe ni barabara tu, na miili ya wanawake wa pande zote mbili ni ile ile.

Kuhusu mabasi, naomba mamlaka inayosimamia usafiri wa nchi kavu, LATRA, ihakikishe kwamba abiria anapokata tiketi anaoneshwa vituo vyote vyenye choo ambavyo basi litasimama na muda litakaokaa. Wenzangu wanaokagua matawi ya Morogoro na Dodoma wamepata nafuu kubwa tangu treni ya reli mpya ya kisasa, SGR, ilipoanza safari mwaka 2024, kwa kuwa choo kiko ndani ya behewa na hakuna wa kumwomba ruhusa. Reli ya TAZARA inapita Makambako, Mbeya na Tunduma, ila siku zake za safari haziendani na ukaguzi wetu. Sisi wa nyanda za juu kusini bado tunalitegemea basi, na kuchimba dawa vichakani si jibu kwa mwanamke yeyote wa umri wowote.

Naomba pia maneno yangu yasigeuzwe kuwa fimbo. Si kila hasira ya mwanamke wa miaka 49 inatokana na homoni. Nilipomfokea yule kijana wa ghala nilikuwa nimekosa, na mwili wangu ulichangia, ingawa haukuniondolea wajibu wa kuomba radhi. Lakini hasira niliyokuwa nayo kwa kondakta ilikuwa ya haki kabisa, na ningekuwa nayo hata nikiwa na miaka 25.

Hatimaye nilikwenda kwa ofisa utumishi wetu, kijana mwenye adabu ambaye nilikuwa na hakika atainamisha macho, nikamweleza yote kama ninavyowaeleza wasomaji wako. Aliinamisha macho kweli, kisha akachukua kalamu. Tangu wakati huo nasafiri Jumapili na kuanza ukaguzi Jumatatu mchana, na safari zangu sikunyang'anywa. Mara ya mwisho nilipokuwa Mbeya, keshia wetu wa huko, mama wa miaka 52, alisubiri wengine waondoke, akafunga mlango, akaniuliza kama ni kweli yale aliyoyasikia kuwa niliyasema makao makuu. Nilipomwambia ni kweli, alifungua kabati la mafaili akanionesha blauzi ya pili, imekunjwa nyuma ya vitabu vya risiti, ambayo amekuwa akiificha pale kwa miaka minne.

Wako msomaji,
Mkaguzi wa hesabu,
Dar es Salaam