Abdalla, mvue mtoto viatu

Utrecht, Jumapili usiku

Swahiba wangu Abdalla,

Assalaam alaykum. Hujambo, shemeji hajambo, watoto hawajambo? Huku tu wazima, alhamdulillahi, ila baridi imeanza mapema na mama watoto kikohozi hakijamwachia. Najua nimekaa kimya tangu Mfungo Mosi na una haki ya kuninunia. Lawama zako niwekee, nitazipokea zote siku tukiongea. Leo nina jambo moja na siwezi kulilaza.

Juzi Mwanahamisi alinipigia habari za harusi, katikati ya maneno akanidokeza kwamba Idi anachomwa sindano ya ganzi kwenye kifundo cha mguu kabla ya kila mechi. Nikamwuliza mara mbili: Idi yupi, Idi wa Abdalla? Akasema huyohuyo, mguu wa kulia, tena timu ndiyo inayomleta mchomaji, na wewe ulipoulizwa ulisema, "Mbona anafunga?" Tangu usiku ule usingizi wangu ni wa mang'amung'amu.

Abdalla, hilo la kwamba anafunga ndilo linalonitisha.

Unaikumbuka kaseti ya mjomba wako baharia? Fainali ilikuwa imeshachezwa miezi mingi nyuma, sisi tukaitazama pale kibandani Barabara ya Kumi na Tatu kama vile inachezwa jioni ileile. Fainali ya mataifa ya Ulaya, Waholanzi na Warusi, Munich, Juni 25, 1988. Gullit wa Uholanzi keshafunga kwa kichwa. Kipindi cha pili, dakika ya 54, yule mzee Arnold Mühren anaupiga mpira kutoka kushoto, mrefu, umepanda juu mno, unavuka eneo lote la hatari kwenda kumdondokea mtu mmoja kulia kabisa, mahali ambapo lango halionekani. Marco van Basten, mshambuliaji wa Waholanzi, jezi namba 12. Hakuutuliza. Aliupiga juu kwa juu, ukampita kipa Dasaev kichwani ukaingia upande wa pili. Shomari aliirudisha kanda ile mpaka mwenye kibanda akatutoa nje, anasema tutamkatia mkanda. Na wewe miezi mizima ulikuwa unapiga maembe mabichi kwa mguu wa kulia pale uani, mama yako akikufukuza kwa mwiko.

Sasa sikiliza. Mguu ule uliopiga lile bao ulikuwa umeshaharibika.

Sisi hatukujua. Desemba 1986, akiwa Ajax, timu ya Amsterdam, Van Basten alimwendea kwa nguvu mchezaji mmoja wa Groningen kumnyang'anya mpira, akaumia mwenyewe, kifundo cha kulia. Kijana wa miaka 22. Msimu uliotangulia alikuwa amefunga mabao 37 katika mechi 26 za ligi, kiatu cha dhahabu cha Ulaya nzima akakichukua yeye. Mtu wa namna hiyo nani atamkalisha? Akaendelea kucheza. Mei 1987 kule Athens ndiye aliyefunga kwa kichwa bao pekee la fainali ya Kombe la Washindi, Ajax wakawatoa Lokomotive Leipzig. Kila mtu akasema, mbona mguu huo ni mzima? Alipofika Milan ya Italia, mguu ukadai chake: akapasuliwa, ligi akacheza mechi 11 tu. Kwenye hayo mashindano ya 1988 kwenyewe alianzia benchi, siku walipofungwa na hao hao Warusi kule Cologne. Mechi ya pili akawafunga Waingereza matatu peke yake, dunia ikasahau kwamba mtu huyu alikuwa mgonjwa. Na nadhani yeye naye alitamani kusahau.

Ndiyo maana nasema bao si cheti cha daktari. Karibu yote tuliyompendea alitufanyia baada ya kuumia. Mabao yake mawili katika fainali ya Klabu Bingwa Ulaya mjini Barcelona 1989, Steaua wakilala 4-0 mbele ya Milan. Ballon d'Or tatu, ile tuzo ya mchezaji bora wa Ulaya, 1988, 1989 na 1992. Ligi ya Italia, yenye mabeki kama kuta, alimaliza msimu wa 1992 na mabao 25. Novemba mwaka huohuo aliwafunga Göteborg manne katika mechi moja. Manne, Abdalla! Mwezi uliofuata yuko kitandani anapasuliwa tena. Ungekuwa baba yake, usiku ule wa Göteborg ungesema nini? Ungesema, mbona anafunga.

Alirudi 1993 kwa mechi chache, wakampanga kwenye fainali ya Klabu Bingwa Ulaya dhidi ya Marseille. Munich tena, uwanja uleule wa lile bao. Milan wakafungwa 1-0, yeye wakamtoa mwishoni mwishoni. Hakucheza tena mechi ya mashindano maisha yake yote. Umri wake miaka 28. Miaka miwili mingine ilikwisha kwa madaktari na magongo, na Agosti 1995 akawaaga watu pale San Siro, uwanja wa Milan, amevaa koti la kawaida, anauzunguka uwanja huku akipiga makofi, na kocha Capello, mtu mkavu kama yule, akalia kwenye benchi.

Lakini si hiyo ya San Siro inayonikosesha usingizi. Van Basten amesimulia mwenyewe, ukubwani, kwamba baada ya kuacha mpira kulikuwa na wakati usiku akitaka kwenda chooni anatambaa. Kwa mikono na magoti, sakafuni. Mwisho wake ikabidi mifupa ya kifundo iunganishwe iwe mmoja, maumivu yakatulia, kifundo hakikunjiki tena. Gegedu ikishalika haioti kama ukucha. Ukimwona ameketi kwenye televisheni huku anachambua mechi, mzee mtanashati, huwezi kudhani. Mimi namtazama miguu.

Na yeye alikuwa na Milan! Madaktari wa kila namna, fedha za kwenda popote. Idi ana nini? Ana wewe.

Jana asubuhi nilipita Zuilen, pale uwanja wa Elinkwijk, timu aliyochezea huyohuyo Van Basten kabla Ajax hawajamchukua 1981. Jumamosi huwa watoto wanacheza, nami hupenda kusimama nikitoka zamu ya usiku. Kitoto kimoja, miaka kumi hivi, kilikwatuliwa kikaanguka, kikainuka kinachechemea. Baba yake akakiita nje ya mstari. Kitoto kinalia, kinataka kurudi, wenzake wanakiita. Yule baba hakusema kitu. Alipiga goti kwenye majani yenye umande, akafungua kamba, akavua kiatu polepole akishika kisigino, akavua na cha pili, akavitia vyote kwenye begi lake mwenyewe na kufunga zipu. Kisha akakibeba mgongoni. Nilisimama pale nikakuwaza wewe mpaka basi likaniacha.

Sikulaumu, ndugu yangu. Najua hali. Najua kuna mtu anakuja kuangalia vijana mwezi ujao, na Idi amelingoja hilo tangu anavaa kaptula za shule. Najua ada za wadogo zake. Huyo kocha, kama nilivyoambiwa, anasema kila mchezaji anacheza na maumivu. Sawa, kila mchezaji anacheza na maumivu, lakini anayechomwa ganzi hachezi na maumivu, ameyazimisha, na mguu unavunjika bila kumwambia. Maumivu ndiyo mdomo wa kifundo. Wameuziba. Tena mtoto ana miaka 18, mifupa yenyewe bado mibichi.

Ninachokuomba ni kidogo. Mtoe kwenye timu wiki sita, usiwaulize. Mpeleke akapigwe picha ya MRI, si eksirei peke yake, maana mfupa unaweza kuonekana mzima na ndani mishipa imechanika. Gharama niachie. Nimezungumza na dada wa kwetu hapa, anafanya kazi ya mazoezi ya viungo hospitalini, amekubali kuzitazama picha na kumpangia Idi mazoezi ya kuimarisha kifundo, atamwonyesha kwa simu, bila malipo. Na huyo mtazama vipaji, kama Idi ni mchezaji kweli, na mimi naamini ni mchezaji kweli maana nimeona ile video uliyonitumia, ule mguso wake wa kwanza... huyo mtu atakuja tena, au atakuja mwingine. Kifundo hakiji kingine.

Nimeandika barua badala ya kupiga simu kwa sababu kwa simu ungenikatiza, nami ningekasirika, tungeishia kuzungumza bei za nazi.

Sasa nijibu haya. Ameumia lini hasa, na alianguka vipi? Asubuhi akiamka anakanyaga sawasawa au anashika ukuta? Kifundo kinavimba baada ya mechi? Sindano zimeshafika ngapi, na ni ganzi tupu au wanachanganya na dawa nyingine? Shemeji anajua? Mwenyewe Idi ukimkalisha chini, ninyi wawili tu, bila mtu wa timu, anasema nini? Nimpigie mimi? Bado ananitii kama zamani, au ameshakuwa mkubwa? Na Shomari umeonana naye? Mwambie naye aje nyumbani aseme na mtoto. Goti lake analijua Idi, lakini sidhani kama amewahi kusimuliwa lilianzaje.

Fedha nitatuma Jumatano kwa jina la shemeji. Zikifika nijulishe siku hiyohiyo, na tarehe ya MRI pia.

Nduguyo,
Saidi