Barua ya wazi kwa Waziri wa Uchukuzi kuhusu kupotea kwa magari madogo

Mheshimiwa Waziri,

YAH: KANUNI ZINAZOYAFUKUZA MAGARI MADOGO SOKONI

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni fundi wa magari. Kazi yangu ni kuyatazama magari kwa chini, yakiwa yamenyanyuliwa, mahali ambapo matangazo hayafiki. Nakuandikia kwa sababu kila inapoulizwa kwa nini magari madogo yanaadimika, watengenezaji hutoa jibu lilelile: wateja wenyewe wanataka SUV, yale magari marefu yaliyonyanyuka. Jibu hilo lina ukweli nusu. Nusu iliyobaki iko mezani kwako, Mheshimiwa, na kwa mawaziri wenzako wa nchi nyingine.

Chukua Renault Clio na Captur, au Volkswagen Polo na T-Cross, au Peugeot 208 na ndugu yake 2008. Yanyanyue mawili mawili, vua tairi, halafu ingia chini na taa. Utakuta ni watoto wa baba mmoja: wamechangia msingi wa sakafu, injini na giaboksi, na vipuri vingi unaweza kuvihamisha kutoka huku kwenda kule. Tofauti inaanza kwenye springi na tairi kubwa zaidi, inaendelea kwenye plastiki nyeusi inayozunguka madigadi, na inaishia kwenye kiti kilichopandishwa na boneti iliyoinuliwa. Hiyo ndiyo krosova, yaani SUV iliyojengwa juu ya msingi wa gari la kawaida. Kuitengeneza hakugharimu zaidi kwa kiasi kikubwa, ila bei yake ya kuuzia ni ya ngazi nyingine kabisa. Mtengenezaji hana sababu ya kulichukia gari dogo. Akikaa na mhasibu wake jioni moja tu, hesabu inatosha kumfanya aliache.

Na wameacha kweli. Nissan ilitangulia Ulaya: Almera ilipoondoka, haikuletewa Almera nyingine, ililetwa krosova Qashqai kutoka kiwanda cha Sunderland, na wengine wote wakaiga. Aprili 2018 Ford ilitangaza kwamba Amerika Kaskazini itaachana na karibu magari yake yote ya kawaida, ibaki Mustang pamoja na SUV na pikapu. Fiesta, iliyoanza 1976 na kuongoza kwa mauzo Uingereza miaka 12 mfululizo, ilitengenezwa kwa mara ya mwisho Julai 2023, na kiwanda chake cha Cologne sasa kinatoa SUV ya umeme. Focus ikafuata Novemba 2025. Honda iliiondoa Fit Marekani baada ya toleo la 2020 na kuiacha krosova HR-V, iliyokuwa imejengwa juu ya msingi wa Fit hiyohiyo. Peugeot 108 na Citroën C1 hazikuacha mrithi. Ndugu yao wa tatu, Toyota Aygo, alipona kwa kubadilishwa kuwa Aygo X, yaani kwa kunyanyuliwa.

Nisimdhulumu mnunuzi. Mtu mwenye goti bovu hukaa kwenye kiti cha juu bila kujikunja, na anayemfunga mtoto mkanda kiti cha nyuma haumizi mgongo. Wapo pia wenye barabara mbovu ambao gari la chini haliwafai. Kisha ipo sababu ambayo wateja huisema kwa sauti ya chini kidogo: wanaogopa. Ukiwa kwenye gari dogo, nyuma yako kuna taa zilizo sawa na kisogo chako na mbele yako huoni chochote zaidi ya buti la mwenzako, unaamua na wewe upande juu. Jirani naye akikuona umepanda, anapanda. Hapo hakuna anayepata usalama zaidi ya aliokuwa nao mwanzo, ila wote wamelipa zaidi.

Lakini kusema watu hawataki gari dogo ni danganya toto. Mwaka 2024 gari lililouzwa kuliko yote Ulaya lilikuwa Dacia Sandero, gari dogo la bei nafuu lisilo na makeke. Likiwepo, na bei yake ikifikika, watu wanapanga foleni.

Sasa nije kwenu waandika kanuni. Marekani ilipopitisha sheria ya matumizi ya mafuta mwaka 1975, iliyaweka malori madogo, kama pikapu, kwenye fungu la peke yake, kwa kuwa yalionekana ni zana za mkulima na fundi. Magari ya abiria yakawekewa lengo la maili 27.5 kwa galoni. Malori madogo, kuanzia toleo la 1996 hadi la 2004, lengo lake lilikuwa maili 20.7. Watengenezaji si watoto. Walichukua lori dogo, wakaweka viti vya familia na zulia, wakaliuza kama gari la nyumbani huku kwenye makaratasi likiendelea kuitwa lori. Hadi leo krosova moja inaweza kuwa na majina mawili: ikivutwa na magurudumu mawili inahesabiwa gari la abiria, ikiwekewa mfumo wa magurudumu manne na kuwa na nafasi ya kutosha chini yake inahesabiwa lori dogo, na lengo linalegezwa.

Waandika kanuni wa Marekani walipojaribu kurekebisha, wakaharibu upande mwingine. Lengo likafungwa kwenye eneo lililo kati ya magurudumu manne: eneo likiwa kubwa, lengo linakuwa jepesi. Nia ilikuwa njema, kwamba kila ukubwa uboreshwe kwa kipimo chake na watengenezaji wasikimbilie kwenye vigari vidogo ili kufaulu mtihani. Matokeo ni kwamba gari dogo ndilo lenye mtihani mgumu kuliko yote, na faida yake ndiyo ndogo kuliko zote. Mwaka 2025 Bunge la Marekani likaifanya faini ya kuvunja masharti hayo kuwa sifuri, kwa hiyo hata kile kibano kidogo kilichobaki hakipo tena.

Ulaya nayo isijione imepona. Kati ya 2020 na 2024 lengo la hewa ya ukaa inayotoka kwenye magari mapya lilikuwa gramu 95 kwa kilomita, lakini lilirekebishwa kwa uzito: kila kilo 100 ambazo wastani wa magari ya kampuni ulizidi uzito uliowekwa, kikomo kiliongezwa zaidi ya gramu 3. Geuza hesabu hiyo uone. Mhandisi aliyekesha akapunguza uzito wa magari, kampuni yake ilipunguziwa kikomo. Nani angehangaika?

Kisha kuna gharama isiyojali ukubwa. Tangu Julai 2024 kila gari jipya linalouzwa Umoja wa Ulaya lazima liwe na breki ya dharura inayojiendesha, mfumo wa kulizuia lisitoke kwenye njia yake, mfumo wa kumkumbusha dereva kikomo cha mwendo na wa kumshtua anaposinzia. Sipingi hata kimoja. Nimeshayaona magari yaliyoingia gereji bila pua. Lakini kamera iliyobandikwa nyuma ya kioo cha mbele haijui imefungwa kwenye gari la bei gani. Hiyohiyo kwenye SUV inamezwa na faida, kwenye gari dogo inakula faida yote. Betri ya gari la umeme ni hivyohivyo. Inalala chini ya sakafu na kuipandisha, kwa hiyo mwili mrefu unaificha vizuri, na bei yake inajificha vizuri zaidi kwenye gari ambalo tangu mwanzo lilikuwa ghali.

Unaweza kuuliza, tatizo liko wapi watu wakiendesha wanachopenda? Kwa mujibu wa Shirika la Kimataifa la Nishati, SUV ni karibu nusu ya magari mapya yaliyouzwa duniani mwaka 2023, na kwa wastani kila moja ina uzito wa kilo 200 hadi 300 zaidi ya gari la wastani la ukubwa wa kati. Kilo hizo zinalipiwa kwenye mafuta, tairi na brekipedi, na hizo mbili za mwisho nazibadilisha mimi, kwa hiyo ungedhani ningekaa kimya.

Kinachonizuia kukaa kimya ni boneti. Nikiwa nimesimama mbele ya gari dogo la zamani, ukingo wa boneti unanifika chini kidogo ya nyonga. Likinigonga litanipiga miguuni na kunipandisha juu yake. Nikisimama mbele ya SUV kubwa, ukingo uko mbavuni, na pua yake ni ukuta. Pigo la namna hiyo humsukuma mtu chini, kuelekea magurudumu. Mtoto wa chekechea akisimama hapo, aliyeko nyuma ya usukani hamuoni kabisa. IIHS, taasisi ya usalama barabarani inayogharamiwa na kampuni za bima za Marekani, ilichapisha Novemba 2023 kwamba magari yenye boneti ya zaidi ya sentimita 100 hivi yana uwezekano wa takriban asilimia 45 zaidi wa kumuua anayetembea kwa miguu kuliko yale yenye boneti ya sentimita 76 au chini na pua iliyoinama. Nchini humo waenda kwa miguu waliouawa barabarani walikuwa takriban 4,100 mwaka 2009. Mwaka 2022 walizidi 7,500. Boneti si sababu pekee, ila imo.

Kanuni inaweza kuzaa gari dogo kama ilivyoweza kulifukuza. Japani imeliwekea gari la kei mipaka iliyo wazi: urefu mita 3.4, upana mita 1.48, injini ya cc 660, na kodi nafuu kwa atakayekaa humo. Magari hayo ni theluthi moja au zaidi ya magari mapya yanayonunuliwa kule. Tazama Honda N-Box: paa liko juu, milango ya nyuma ni ya kuteleza, kiti kinafikika bila kujikunja, huku pua ikiwa fupi na chini. Yule mwenye goti bovu na yule mwenye mtoto wote wamehudumiwa. Urefu wa kiti na urefu wa boneti ni mambo mawili, na wanaouza SUV wanafurahi tukiyachanganya.

India inatufundisha kwa njia nyingine. Tangu 2006 gari lisilofika mita 4, lenye injini ndogo, limekuwa likipata unafuu wa kodi. Suzuki Dzire, iliyokuwa na mita 4.16, ilirudi 2012 ikiwa na mita 3.995, buti limekatwa kama kwa shoka. Hivyo ndivyo mtengenezaji anavyotii anapoonyeshwa mstari. Ila mstari ulikuwa wa urefu zaidi, basi krosova fupi zikajazana chini ya mita 4 zikiwa na boneti iliyosimama. Kwa hiyo niliposoma kwamba Desemba 2025 Tume ya Ulaya ilipendekeza kundi la magari madogo ya umeme yasiyozidi mita 4.2, nilifurahi nusu. Urefu huo unaitosha kabisa krosova.

Mheshimiwa, ninachokuomba hakihitaji wizara mpya. Ondoa kila kifungu kinachomlegezea kikomo mwenye gari zito au pana. Tengeneza fungu la gari dogo lenye mipaka ya urefu, upana, uzito na kimo cha boneti, vyote vinne kwa pamoja, na unafuu wa kodi uwe kwa atakayetimiza vyote. Utoze uzito, kama Ufaransa ilivyoanza 2022 kwa magari ya zaidi ya kilo 1,800 kisha ikashusha hadi 1,600 mwaka 2024 na 1,500 mwaka 2026, na kama Norwei inavyotoza hata magari ya umeme tangu 2023. Watakulilia kuhusu familia kubwa na walemavu. Waandikie msamaha kwa majina yao, usikubali wawe kichaka cha kila mtu kujificha.

Watengenezaji watakuja ofisini kwako na vitabu vyenye picha za milima. Kabla ya chai kuletwa, waombe karatasi moja: faida wanayopata kwa kila gari dogo na kwa kila krosova iliyojengwa juu ya msingi uleule, namba mbili bega kwa bega. Wakikataa kuitoa, andika kwenye muhtasari wa kikao kwamba wamekataa, na muhtasari huo uchapishwe.

Wako mtiifu,
Fundi wa magari