Barua kwa mpwa wangu aliyenionyesha ramani ya vita

Mpwa wangu mpendwa,

Juzi ulinionyesha kwenye simu ramani ya vita, mishale myekundu ikisonga kuelekea miji ya watu, ukasema kwamba dunia ni ya mwenye nguvu. Nilinyamaza kwa kuwa tulikuwa tunakula na mama yako hapendi mabishano mezani, lakini neno lako halikunitoka moyoni.

Jana alasiri nilikwenda kwenye ngome ya Fort Jesus, hapa kwetu Mombasa, nikaweka kiganja ukutani. Jiwe lile ni tumbawe. Ukilisogelea utaona vitundu vya vijidudu vya baharini vilivyoishi na kufa maelfu ya miaka kabla Mreno yeyote hajaiona pwani hii. Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, wakiamini kwamba wamefika na hawataondoka. Waomani wakawazingira tangu Machi 1696 hadi Desemba 1698, na katika miezi hiyo njaa na maradhi vikawateketeza waliokuwa ndani, Wareno kwa watu wa Faza, mji wa kisiwa cha Pate, waliosimama nao. Wareno walirudi mwaka 1728, wakatimuliwa mwaka uliofuata. Wakaja ukoo wa Mazrui, kisha masultani wa ukoo wa Busaidi, kisha Waingereza walioigeuza gereza. Leo watoto wa shule huingia humo na walimu wao.

Usiku nilikaa ufukweni mpaka Kilimia, lile kundi la nyota, kikachomoza baharini. Wanafalaki hukadiria kwamba mwanga wake husafiri miaka 440 hivi kabla ya kutufikia, maana yake ule ulioingia machoni mwangu jana ulikuwa njiani muda wote ambao wenye ngome hiyo walikuwa wakipokonyana funguo. Na Kilimia ni jirani yetu wa karibu huko juu! Tarehe 14 Februari 1990 chombo cha angani cha Voyager 1, kikiwa umbali wa kilomita bilioni 6 hivi, kiliipiga dunia picha, nayo ikaonekana kama doa lisilojaza hata pikseli moja. Itafute picha hiyo, kisha unionyeshe mpaka wa nchi uko wapi.

Sisemi kwamba kwa kuwa sisi ni wadogo basi liwalo na liwe. Udogo huo huimeza bendera ya mshindi, lakini mama aliyemzika mwanawe ndani ya ngome ile hakuwa na dunia nyingine ya kuhamia. Ndiyo maana mishale yako iliniuma: kila ncha yake imetua juu ya jiko la mtu.

Njoo likizo ya Desemba. Wakati huo Kilimia huwa kimeshapanda mapema jioni, nasi tutakaa pale ukutani tukitazame.

Mjomba wako