Risala ya kikundi cha wafua visu kwa mgeni rasmi, siku ya kumkumbuka mwalimu wetu

Ndugu Mgeni Rasmi, familia ya marehemu, viongozi na wanachama wa kikundi, ndugu waalikwa,

Tunakushukuru kwa kuacha shughuli zako na kuja kuketi nasi katika karakana hii yenye masizi. Utuwie radhi kwa viti. Viwili vimeungua miguu, na sababu yake tutaifikia.

Tumekusanyika kumkumbuka marehemu mwalimu wetu, fundi wa visu vya mkono. Kila kisu chake kilikuwa na mtu wake. Mteja akifika, haulizwi urefu wala bei. Anaambiwa anyooshe kiganja, kinapimwa kwa uzi, kisha anaulizwa atakata nini: ngozi, kamba, mti au mboga. Wengine walikereka. Mmoja alitaka kisu kirefu cha kutisha watu. Akaondoka na kifupi, akiwa amenuna, na baada ya mwaka akarudi kuagiza cha pili kama hichohicho. Watu husema mwenye kisu kikali ndiye mla nyama. Yeye alijibu kwamba mwenye kisu butu ndiye mla vidole vyake, kwa sababu hukisukuma kwa nguvu mpaka kikateleza.

Kazi iliyomfanya anyamaze kabisa ni kukitia kisu maji, yaani kukizamisha kikiwa cha moto ili kiwe kigumu. Tunasema maji kwa mazoea tu. Yeye alitumia mafuta, kwani kwa feleji aliyoifua maji hupoza kwa ghafla mno na bapa jembamba hupasuka. Alizima taa ili aione vizuri rangi ya moto. Akakigusisha kisu kwenye sumaku, maana kikifika nyuzi 770 hivi za Selsiasi chuma huacha kushikwa nayo. Akakiongezea moto kidogo, akakizamisha. Ndimi za moto ziliruka, na hapo ndipo viti vyetu vilipoungulia. Kisu kikitoka kwenye mafuta ni kigumu, lakini kikianguka sakafuni huvunjika kama kioo. Kwa hiyo alikirudisha kwenye tanuri la nyuzi 200 hivi, saa mbili, mara mbili, mpaka kikapata rangi ya nyasi kavu.

Alimheshimu sana William Moran wa Marekani, aliyeonyesha visu vya Damascus vya tabaka tabaka mwaka 1973, na aliyekuwa mmoja wa waanzilishi wa American Bladesmith Society, chama cha wafua visu, mwaka 1976. Chama hicho kina mtihani wake: kisu kikate kwa pigo moja kamba ya inchi moja inayoning'inia, kikate ubao wa ujenzi mara mbili, kisha bado kiweze kunyoa nywele za mkono, na mwisho kibanwe kwenye jiliwa na kukunjwa nyuzi 90 bila kuvunjika. Mwalimu hakwenda kuufanya, ila sisi alitufanyisha. Visu vilivyovunjika vimo kwenye sanduku hilo kushoto kwako. Vyake ni vingi kuliko vyetu sote, na kila kimoja kina karatasi yenye sababu kwa mwandiko wake: "Moto ulizidi." "Nilikuwa na haraka." "Nilikuwa nabishana na mwanafunzi."

Kuhusu mahitaji hatutakuchosha: tuna fuawe moja kwa watu tisa, na miwani ya kukinga macho haitoshi.

Lipo jambo moja lililotugawa. Mezani kwake amekiacha kisu alichokwisha kukifua na kukipiga tupa, ila hajakitia maji wala kukigonga mhuri wake. Uzi wa kiganja cha mteja bado umefungwa juu yake. Mhuri wa kugonga kwa nyundo hugongwa kabla ya maji. Baadaye chuma hakikubali, hivyo hatukuweza kuahirisha uamuzi. Wengine walisema umbo ni lake, tugonge. Wengine wakasema huko ni kumsingizia marehemu kazi ambayo hakuimaliza. Tulibishana majuma mawili. Tukaafikiana kwamba mwanafunzi wake wa mwisho atakimaliza, na mhuri hautagongwa.

Mhuri wenyewe umo kwenye kitambaa mbele yako. Tunakuomba, Ndugu Mgeni Rasmi, uikabidhi familia kwa mkono wako. Kisha utoke nasi uani. Mkaa umeshika, na taa tutazizima wewe ukiwepo.

Tunaomba kuwasilisha.