Mama, huku nako wanasonga

Lamjung, Nepal
Jumamosi, 20 Julai 2024

Shikamoo Mama, shikamoo Baba. Bibi naye mfikishieni shikamoo yake, na mwambieni nimekaa chini kabisa ninapoandika, maana yeye husema salamu ya kusimama haifiki. Naandika kwa mkono, nikimaliza nitaipiga picha niitume kwa simu. Mdogo wangu awasomee kwa sauti na asiruke mistari.

Mama, ile sauti yako ya wiki iliyopita nimeisikiliza mara tatu. Mtandao ulikatika siku nne, ndiyo maana nilikuwa kimya. Mabasi yale mawili unayoyahofia, yaliyosombwa na maporomoko ya udongo mpaka mto Trishuli tarehe 12, yakiwa na watu zaidi ya 60, yalikuwa kwenye barabara ya kutoka Mugling kwenda Narayanghat. Mimi nikitoka Kathmandu nikafika Mugling sielekei huko kusini. Nanyoosha magharibi hadi Dumre, ndipo napanda kaskazini mpaka Besisahar. Sitakudanganya kwamba milima ya upande wangu haimomonyoki. Lakini sisafiri tena mpaka mvua zipungue, nadhani mwezi wa tisa, na usiku ndiyo kabisa, shirika ninalofanyia kazi limetukataza. Lala, Mama.

Mliniuliza naishi na nani na nakula nini. Chakula nakiweka mwisho, maana huko ndiko kwenye stori.

Naishi na mama wa Kigurung, kabila la huku milimani, na mumewe, mstaafu wa jeshi la India. Mama namwita Aama, baba namwita Buwa. Majina ya watu sijayashika vizuri hata baada ya miezi mitano, kwa sababu kijijini hayatumiki sana. Watu wanaitwa kwa mpangilio wa kuzaliwa: Jethi ni binti wa kwanza, Maili wa pili, Saili wa tatu, na wa mwisho ni Kanchhi. Aama ana mabinti wawili walioolewa mbali, basi mimi niliyekuja nyuma yao nimekuwa Kanchhi. Kwenu nimezoea kuwa dada mkubwa wa kuamrisha wenzake, huku nimegeuka kitinda mimba. Natumwa chumvi, natumwa kuni, naulizwa kama nimevaa soksi. Wapo pia wanaoniita Kali, maana yake mweusi. Siku ya kwanza nilijiuliza ukali wangu wameuona wapi mapema hivyo! Watoto wamezishika nywele zangu mpaka wamechoka wenyewe. Kuna siku nililichukulia vibaya, nikajifungia chumbani. Siku nyingi sijali.

Lugha ilinishinda miezi miwili, halafu nikagundua kuwa nusu ya maneno niliyokuwa nayahangaikia nilikuja nayo kutoka nyumbani. Kalamu wanaita kalam, sabuni ni sabun, tayari ni tayar, bima ni bima vilevile. Wakikutana njiani wanaulizana, “Haalkhabar ke chha?” Hali na habari, zimeshikana mikono! Waarabu na Waajemi wametupitia sote, sisi kwa bahari, wao kwa bara. Ila salamu ya kawaida zaidi ni “Khana khanubhayo?”, yaani umekula? Mimi kwa ukweli wangu nilikuwa najibu bado. Wiki ya kwanza nilikula chakula cha mchana katika nyumba tatu kwa siku moja kabla sijaelewa kuwa ile ni salamu tu, unajibu nimekula, unapita.

Makosa nimefanya, mengine ya aibu. Unakumbuka unavyonifundisha kuonja mchuzi kwenye kiganja? Mimi nikaona shida ya nini, nikaonja kwenye upawa na kuurudisha sufuriani. Huku chakula kilichoguswa na mdomo wa mtu kinaitwa jutho, hakiliwi na mwingine. Aama hakusema neno. Alinisogezea ile sufuria nzima, akachukua nyingine, akaanza kupika upya. Maji nayo wanayamimina kinywani kutoka juu bila kugusa chombo. Mimi bado najimwagia shingoni.

Nililipiza kisasi kisimani. Wao mzigo hawautwiki kichwani. Wanaweka kwenye doko, tenga kubwa la mianzi linalokaa mgongoni, likishikiliwa na mkanda unaopita kwenye paji la uso. Nilijaribu mara moja, shingo ikaniuma siku mbili. Kesho yake nikasokota ngata kwa kanga yangu, nikajitwika ndoo ya lita 20, nikapanda nayo ngazi za mawe mikono ikining'inia. Watoto walinifuata hadi mlangoni wakisubiri idondoke. Buwa aliweka chai chini akasimama. Tangu siku hiyo wageni wakija naombwa nionyeshe, na mimi sikatai.

Muda ndio umenivuruga kuliko chochote. Huku wako mbele yenu kwa saa 2 na dakika 45. Hizo dakika 45 sijui nani alizidai, lakini mkinipigia taarifa ya habari ya saa 2 usiku inapoanza, huku ni saa 5 kasorobo na nimeshaota ndoto mbili. Pigeni saa 11 jioni. Mwaka nao kwa kalenda yao ni 2081, mwezi wa Saun ndio kwanza una siku tano. Aama aliponisimulia tetemeko la mwaka 72 lililoangusha zizi na ukuta wa jikoni nikamwambia pole, ni zamani sana, akanitazama kama mtu asiye na huruma. Kumbe 2072 yao ndiyo 2015 yetu. Na Mama, usiulize tena kuhusu misa ya Jumapili. Jumapili ni siku ya kazi, mapumziko ni Jumamosi, na hata Wakristo wa nchi hii wanakusanyika Jumamosi. Hapa kijijini hakuna kanisa. Nasali peke yangu ghorofani, ng'ombe wakiwa chini yangu.

Kazi yenyewe inaenda. Nilikuja kama bibi shamba kusaidia vikundi vya akina mama kwenye vitalu vya mboga, na vitalu viko vizuri. Lakini tarehe 29 Juni, ambayo kwao ni 15 Asar, siku ya kupanda mpunga, hakuna aliyenihitaji kitaalamu. Wanaume waliswaga maksai, wanawake tukapandikiza miche tukirudi kinyumenyume. Mstari wangu ulipinda kama njia ya mlevi. Bibi mmoja wa zaidi ya miaka 70 alipita nyuma yangu akiung'oa na kuupanda upya bila kunisema, halafu akanirushia tope usoni, ambayo siku hiyo ni furaha, siyo ugomvi. Tulikula mtindi na mchele uliopondwa bapa, tukiwa tumelowa. Ruba walikuwa wamenipanda mpaka magotini. Unawagusa kwa chumvi iliyofungwa kwenye kitambaa, wanaachia. Damu haikati haraka, lakini hauumwi. Bibi asiogopeshwe na hili, mnaweza kuliruka. (Hili tu.)

Vijana ni wachache sana. Wengi wako Qatar, Malaysia, Dubai, na hela wanazotuma ni karibu robo ya uchumi wa nchi nzima. Mtoto wa kiume wa Aama yuko Qatar, mwaka wa tatu sasa. Chumba ninacholala ni chake, kuna picha yake ukutani. Anapiga simu Ijumaa. Aama anaishika simu mbele kabisa ya uso mpaka kijana anaona paji tu, na swali lake la kwanza ni umekula nini, la pili umevaa nini. Kijana anajibu kama ninavyowajibu ninyi, kwamba kila kitu kiko sawa. Siku moja alipokata simu, Aama akanigeukia, akaniuliza kama huko nje watu huwa wanawaambia mama zao ukweli. Nilijifanya sijaelewa Kinepali.

Sasa chakula. Miezi minne nilikula wali mara mbili kwa siku: wali, dengu za kumiminika, majani, na achari pembeni. Wali mzuri, sina neno, lakini mtu wa Sumbawanga unamlisha wali mara mbili kila siku mpaka lini? Na jioni nyingine nilikuwa nasikia harufu. Niliijua ile harufu, nikajiambia ni upweke tu.

Jioni moja mwezi uliopita nilirudi mapema kwa sababu ya mvua, nikaingia jikoni bila kuita. Aama na Buwa walikuwa wamekaa karibu na moto, kila mmoja na sahani yake, na juu ya sahani kuna bonge la kahawia iliyoiva. Aama alilifunika haraka kwa sinia. Nikamuuliza ni nini. Akasema “dhido” kwa sauti ya mtu anayekiri deni. Akaeleza kuwa ni unga wa kodo, chakula cha wasio na mchele, mgeni hapewi. Mchele wao wa msimu uliopita ulikuwa unaishia. Uliobaki walikuwa wananipikia mimi.

Mama, kodo ni ulezi. Ulezi wa Bibi, uleule, kichwa chake kama ngumi. Niliufunua ule ugali nikaugusa, nikaanza kucheka, halafu sikuwa nacheka tena. Niliwaambia huu ndio ulionikuza. Hawakuniamini. Walidhani ni adabu. Basi nikachukua mwiko, nikaweka maji, nikapiga magoti mbele ya lile chungu la chuma, nikasonga. Nilivyougeuza mara ya kwanza Buwa akasema kitu kwa Kigurung, Aama akakaa chini.

Nikawaeleza tulichofundishwa chuoni, kwamba ulezi asili yake ni nyanda za juu za Afrika Mashariki, Ethiopia na Uganda, na ulivuka kuja Asia maelfu ya miaka iliyopita. Aama alifikiri kidogo, akauliza, “Na wewe ndiyo wamekutuma uje kuudai?”

Bibi, wao husonga laini kuliko sisi, na hawatafuni. Wanakata kwa vidole, wanachovya kwenye supu ya gundruk, mboga za majani zilizochachushwa zikakaushwa, wanameza moja kwa moja. Wangu waliuona mgumu mno. Buwa alisema ungefaa kujengea ukuta, akaomba uongezwe.

Siku hizi wali ni Jumamosi tu, kama kwetu ulivyokuwa wa sikukuu, na nimeacha kuita hodi jikoni. Leo ni Jumamosi na wali uko motoni. Aama ameniona naandika, anauliza kama ni barua ya mama yangu, na anataka mmjibu maswali mawili: baridi ya huko mwezi huu mnaipunguza na nini, na mwiko wa Bibi ni wa mti gani, maana wake umevunjika, na aliyeuvunja mnamfahamu.

Mtoto wenu,
Kanchhi