Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Manispaa ya Kigoma Ujiji: bei ya nyumba yangu niliisikia kwa mnunuzi

Ndugu Mkurugenzi,

Mimi ni mwalimu mstaafu na nimeishi Gungu kwa miaka 27. Ninakuandikia hadharani kwa sababu yaliyonipata mikononi mwa madalali nilipokuwa nauza nyumba yangu yanawapata watu wengi wa mji huu, na kwa sababu ninaamini kwamba sehemu kubwa ya dawa yake iko ndani ya uwezo wa halmashauri yako, hata kabla Bunge halijatunga sheria yoyote mpya.

Nyumba yenyewe ina vyumba vinne, kiwanja kimepimwa na hati ina jina langu. Niliamua kuiuza kwa sababu mke wangu anatibiwa Mwanza, na nauli, dawa na gharama za kulala huko zilikwisha kula kiinua mgongo changu chote. Nasema hivi ili ueleweke mapema udhaifu wa muuzaji wa kawaida: watu wengi hatuuzi nyumba ya kuishi kwa kutafuta faida, tunaiuza kwa sababu kuna ugonjwa, mirathi au ada, na anayekuja kutusaidia kuuza anaijua haraka hiyo tangu siku ya kwanza.

Mtu wa kwanza kumweleza alikuwa kijana mmoja anayefanya udalali karibu na soko la Mwanga. Nilimwambia kwamba ninataka shilingi milioni 48 na kwamba akinipatia mteja nitamlipa asilimia 5 ya bei ya mauzo. Hatukuandikishana. Kwa bahati mbaya ndivyo tulivyozoea, kwamba mtu anayeuza mbuzi mnadani hutafuta shahidi, lakini anayemkabidhi mwenzake kazi ya kuuza nyumba hutosheka na kupeana namba za simu. Wiki mbili hazijaisha, nyumba yangu ilikuwa mikononi mwa madalali sita, na watano kati yao sikuwa nimezungumza nao hata mara moja. Picha za sebule na za vyumba, kikiwemo chumba alichokuwa amelala mgonjwa wangu, zilizunguka kwenye simu za watu nisiowajua, kila mmoja akiwa ameandika bei yake.

Miezi minne ikapita. Watu walikuja, wakatazama, wakaondoka, na kila nilipouliza nilijibiwa kwamba wateja wanaona nyumba ni ghali, kwamba mji hauna fedha, kwamba nikishuka hadi milioni 42 labda atapatikana mtu. Nilikaribia kushuka. Kilichonizuia ni mazungumzo ya dakika chache na mama mmoja mfanyabiashara wa dagaa, ambaye aliwahi kuletwa kuiona nyumba siku ambayo mimi nilikuwa Mwanza. Tulikutana kwenye msiba wa jirani. Baada ya kupeana pole aliniambia, "Mwalimu, nyumba yako niliipenda sana, ila ile milioni 65 ilinishinda. Nilifika 52, nikaambiwa mwenyewe hataki hata kusikia."

Ndugu Mkurugenzi, naomba uitafakari sentensi hiyo kama nilivyoitafakari mimi usiku ule. Mama huyu alikuwa anakaa Kibirizi, na maji ya ziwa yalipopanda katika miaka hii ya karibuni yaliifikia nyumba yake, ndiyo maana alikuwa akitafuta mahali palipoinuka. Alikuwa na milioni 52 mkononi. Mimi nilikuwa natafuta 48. Tulikuwa tunaishi katika manispaa moja, tunanunua katika soko moja, na kila mmoja alikuwa na jibu la shida ya mwenzake, lakini katikati yetu alisimama mtu aliyempa kila mmoja bei tofauti, akatusubirisha wote wawili kwa ajili ya milioni 17 ambazo hakuna hata mmoja wetu aliyemruhusu kuzitafuta. Tulipokutana, mama alikuwa amekwisha kulipia kiwanja kingine. Mke wangu naye alikuwa amekosa safari mbili za kliniki.

Tofauti hiyo kati ya bei aliyoitaja mwenye nyumba na bei anayoambiwa mnunuzi, madalali wenyewe wanaiita "cha juu", na wanaitaja bila kuona haya, kama sehemu ya kawaida ya kazi. Nilipomkabili yule kijana hakukana. Aliniuliza, "Mzee, wewe si ulitaka 48? Ungepewa 48 yako kamili. Hicho cha juu kinakuuma nini?"

Nimelitafakari swali hilo kwa uzito, kwa sababu najua wapo watu waungwana wanaoliona ni la haki. Jibu langu ni kwamba dalali niliyemtuma na kumwahidi malipo si mchuuzi aliyeninunulia mali akaenda kuiuza kwa bei yake. Mchuuzi hutoa fedha yake na hubeba hasara ikimkuta. Dalali hakutoa shilingi yoyote katika nyumba yangu. Hasara ya miezi minne ya kusubiri ilikuwa yangu na ya mgonjwa wangu. Zaidi ya hapo, siku anayoanza kutafuta cha juu, anaacha kunifanyia kazi mimi. Asilimia 5 ya milioni 52 ingempa milioni 2 na laki 6 siku ile ile mama alipotoa ofa, nami ningeilipa kwa furaha. Aliiona ndogo mbele ya milioni 17 za kuwazia, akaificha ofa, kisha akaja kunishawishi nishushe bei yangu ili nafasi ya katikati izidi kupanuka. Hapo ndipo jambo linapoacha kuwa ujanja wa biashara na kuwa dhuluma.

Wala sheria zetu hazikubaliani naye. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, ina sehemu nzima inayohusu uwakala, na inamtaka wakala atoe hesabu sahihi kwa aliyemtuma. Tatizo ni kwamba haki hiyo, kwa mtu wa Gungu au Buzebazeba, inahitaji wakili, kesi na ushahidi wa makubaliano ambayo yalifanyika kwa mdomo chini ya mwembe. Sheria ya Ardhi ya 1999, katika kifungu cha 64, inadai kwamba mkataba wa kuhamisha haki ya ardhi uwe wa maandishi ndipo uweze kutekelezwa mahakamani. Kwa hiyo mimi na mnunuzi tunalazimika kuandikishana, lakini yule aliyesimama katikati yetu, ambaye peke yake ndiye anayejua bei zote mbili, anaweza kumaliza shughuli nzima bila jina lake kuonekana kwenye karatasi hata moja.

Ukiacha muuzaji na mnunuzi, serikali nayo inaumia hapo. Kodi ya ongezeko la thamani ya mtaji kwa mkazi kwa kawaida ni asilimia 10 ya faida aliyoipata muuzaji, na huhesabiwa kwa kutazama bei ya mauzo. Nyumba ikiuzwa kwa njia ya cha juu, mnunuzi ametoa 65 na muuzaji amepokea 48. Ni bei ipi itaandikwa kwenye mkataba wa mauziano? Ikiandikwa 65, mzee wa watu anaonekana amepata faida ambayo hakuiona. Ikiandikwa 48, mnunuzi amesaini karatasi isiyosema kweli kuhusu fedha yake mwenyewe, na siku akitaka kuithibitisha kwa benki au mahakamani hana pa kushika. Milioni 17 zilizobaki hazimo mahali popote.

Mengine nitayataja kwa ufupi, si kwa sababu ni madogo. Wateja wanatozwa fedha ya kuoneshwa nyumba, hata nyumba ambayo tayari imeuzwa. Dalali aliyenyimwa kazi huwanong'oneza wateja kwamba nyumba ina mgogoro, ilhali hati ni safi na Ofisi ya Ardhi ya Mkoa inaweza kuthibitisha. Na mara moja nililetewa mnunuzi nikahimizwa nisaini upesi wakati mke wangu yuko Mwanza, nikaambiwa ridhaa yake "tutaimalizia baadaye", ilhali Sheria ya Ndoa ya 1971 inakataza kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzi. Nilikataa, na nikaitwa mzee mgumu.

Tangu mkataba wa kujenga reli ya kisasa kutoka Tabora hadi Kigoma, kilomita 506, uliposainiwa Desemba 2022, maneno yameongezeka. Muuzaji anaambiwa auze haraka kabla reli haijapita kwake, mnunuzi anaambiwa anunue haraka kabla reli haijapandisha bei, na mara nyingi msemaji ni mtu mmoja, asubuhi kwa huyu na jioni kwa yule. Naomba halmashauri iliangalie hili mapema, kwa sababu biashara ya viwanja na nyumba hapa kwetu haitapungua.

Mwishowe niliiuza nyumba bila dalali, kwa mtumishi mmoja aliyehamishiwa hapa na kusikia habari zake kwa jirani, kwa shilingi milioni 50. Wiki hiyo hiyo madalali wawili walinipeleka ofisi ya mtaa wakidai asilimia 10 kila mmoja, wakisema mteja huyo aliwahi kuona picha zao. Mwenyekiti alitusikiliza kwa subira kubwa tangu saa tatu hadi saa saba mchana. Hakuwa na karatasi ya kusoma, wala kiwango cha kurejea, wala daftari la kumwambia kama watu wale ni madalali kweli au ni wapita njia. Alituomba tuelewane. Nikatoa laki 5 ili nipate kusafiri na mgonjwa wangu kwa amani, na hadi leo sijui nililipia huduma gani.

Sina chuki na kazi hiyo. Dalali mwema anatembea juani, anatumia salio lake, anapeleka watu kumi na wote hawarudi, na bila yeye mgeni asingejua pa kuanzia kati ya Mwanga na Ujiji. Anastahili kulipwa vizuri, na ningependa alipwe kwa uwazi kiasi kwamba akitoka pale hana sababu ya kukwepa macho ya mtu. Mthamini ana sheria yake ya 2016 na bodi inayomsajili. Dalali wa mahakama ana kanuni za 2017 zinazosema anateuliwaje, analipwaje na anaadhibiwaje. Jirani zetu wa Kenya walitunga sheria ya mawakala wa majengo mwaka 1984. Hapa kwetu, amri iliyotolewa Julai 2025 iliweka udalali wa majengo miongoni mwa kazi ambazo mtu asiye raia haruhusiwi kuzifanya. Kazi ambayo nchi imeona inafaa kuwahifadhia raia wake inastahili pia utaratibu wa kuwalinda raia wanaoihitaji.

Ninachokiomba kwako hakihitaji fedha nyingi. Halmashauri ina uwezo wa kutoa leseni za biashara na wa kutunga sheria ndogo. Naomba kila anayefanya udalali wa nyumba na viwanja katika manispaa aandikishwe, na orodha ibandikwe katika ofisi za kata na mitaa. Kubwa kuliko hilo, naomba iwepo fomu moja, ya ukurasa mmoja, ambayo mwenye nyumba na dalali wataijaza kabla mteja yeyote hajaletwa: bei anayoitaka mwenye nyumba, malipo ya dalali na nani atayalipa, muda wa makubaliano, na sentensi moja inayosema kwamba kila ofa itafikishwa kwa mwenye nyumba na kwamba mnunuzi ana haki ya kuiona fomu hiyo. Nakala ibaki kwa mtendaji wa mtaa. Mkataba wa mauziano unapoletwa kushuhudiwa, fomu iwekwe kando yake, na bei zisomwe kwa sauti mbele ya wote watatu. Cha juu hakiwezi kukaa katika chumba ambamo bei inasomwa kwa sauti.

Iko hoja kwamba madalali watapandisha malipo yao kufidia wanachokipoteza. Huenda ikawa hivyo, na mimi sioni ubaya. Mtu akitaka asilimia 8 na aiandike, nami nitakubali au nitamtafuta mwingine. Iko pia hofu, ambayo naiheshimu zaidi, kwamba fomu itageuka kuwa mlango mwingine wa kumtoza mwananchi katika ofisi ya mtaa. Ndiyo maana naomba itolewe bure na iandikwe hivyo juu yake, kwa herufi kubwa.

Fomu ya mfano nimekwisha kuiandaa kwa mkono, na nimewasomea madalali wawili wa Mwanga ninaowaamini. Mmoja alisema angeitumia kesho kama wenzake wote wangelazimika kuitumia. Naomba suala hili lifikishwe mbele ya Baraza la Madiwani, na naomba siku moja ya kukuletea karatasi hiyo ofisini. Jumanne na Alhamisi niko Kigoma. Siku nyingine huwa nipo njiani na mgonjwa wangu.

Wako katika ujenzi wa mji wetu,

Mwalimu mstaafu, Gungu